Sura, Nguvu na Mipaka ya Herufi za Kigothi katika Mabango ya Malaba

Mada kwa semina ya mafundi wa mabango, wachapishaji na wanafunzi wa usanifu

1. Utangulizi

Mji wetu husomwa zaidi na wapita njia. Upande mmoja wa Malaba uko katika Kaunti ya Busia, Kenya. Upande wa pili uko katika Wilaya ya Tororo, Uganda. Kati ya pande hizo mbili hupita malori ya Ushoroba wa Kaskazini, yanayotoka Mombasa kwenda Kampala, Kigali, Juba na mashariki mwa Kongo. Dereva anayelala hapa usiku mmoja huenda hajui neno la Kiteso wala la Dhopadhola. Akitaka chakula, chumba, wakala wa forodha au mahali pa kubadilisha fedha, husoma ukuta. Kwa hiyo anayeandika ukuta huo anamhudumia mgeni, na kazi yake inapaswa kupimwa kwa macho ya mgeni.

Mada yangu inahusu aina moja ya herufi ambayo kila fundi aliyemo humu ameombwa kuiandika: herufi za Kigothi, zile nzito zenye pembe na ncha. Vijana wa maduka ya kuchapa huziita Old English kwa sababu ndilo jina wanaloliona kwenye orodha ya fonti. Wateja huzitaka kwenye vyeti, kwenye vioo vya magari, kwenye fulana, kwenye milango ya vinyozi na ya baa. Wengine huzitaka kila mahali.

Hoja yangu ni hii: herufi ya Kigothi huonekana kabla haijasomwa. Jicho hutambua uzito na heshima yake papo hapo, lakini neno lenyewe huchelewa kufika akilini. Fundi anayeielewa tabia hiyo ataitumia kwa faida kubwa, na asiyeielewa atampotezea mteja wake wateja.

2. Jinsi herufi hii ilivyojengwa

Herufi ya Kigothi ni zao la kalamu yenye ncha bapa, iliyoshikwa kwa mshazari wa nyuzi 40 hadi 45. Mwandishi haizungushi kalamu hiyo kama tunavyozungusha penseli tunapoandika herufi o. Huvuta mstari chini, huuvunja, hugeuza upande, huvuta tena. Mduara hugeuka kuwa umbo lenye pembe sita. Miguu ya herufi husimama wima, minene, na kila mguu huishia kwenye kipande kidogo cha mshazari juu na chini.

Siri ya pili iko katika nafasi. Katika aina iitwayo Textura, uwazi ulio ndani ya herufi n unakaribia kuwa sawa na unene wa mguu wake, na nafasi kati ya herufi na herufi ni hiyo hiyo. Weusi na weupe hupokezana kwa mdundo usiobadilika, na neno zima husimama kama ua wa fito zilizopangwa karibu karibu. Mdundo huo ndio uzuri wa herufi hii, na ndio ugumu wake pia, kwani msomaji hutambua maneno kwa tofauti za maumbo, na hapa maumbo yamefanywa yafanane.

Ukoo huu una matawi manne makuu. Textura ni nyembamba, imebanana na ina pembe kali. Rotunda, iliyopendwa Italia na Hispania, imelegea kidogo na ina mviringo, hivyo inasomeka kwa urahisi zaidi. Schwabacher na Fraktur zilikua Ujerumani. Fraktur ilianza kuchapwa mwaka 1513, katika kitabu cha sala cha Kaisari Maximilian, na inajulikana kwa herufi kubwa zenye mikunjo mingi. Fundi anayemwambia mteja kwamba "herufi ya Kigothi ni moja tu" anamnyima nafasi ya kuchagua.

Herufi kubwa za ukoo huu zilibuniwa zisimame peke yake mwanzoni mwa neno au aya. Zimejaa mapambo kwa sababu zilitarajiwa kuzungukwa na herufi ndogo zilizotulia. Hili ni jambo la msingi, na nitalirudia kwenye kanuni za kazi.

3. Njia zilizoifikisha kwetu

Karibu mwaka 1455 huko Mainz, Ujerumani, Johannes Gutenberg alichapa Biblia yenye mistari 42 kwa kila safu. Alitumia Textura, kwa kuwa ndiyo waandishi wa mkono waliyoitumia kwa vitabu vya ibada. Alisubu maumbo karibu 290 tofauti ili mistari yake ibanane na kulingana kama ya mwandishi hodari. William Caxton alipofungua kiwanda cha uchapaji Westminster, Uingereza, mwaka 1476, naye alitumia ukoo huo. Toleo la kwanza la Biblia ya Mfalme James, la mwaka 1611, lilichapwa kwa herufi za Kigothi. Baadaye Waingereza walihamia herufi za Kirumi kwa usomaji wa kawaida, lakini ya Kigothi ilibaki kwenye vichwa vya hati za kisheria na mikataba. Hapo ndipo ilipopata sura ya "karatasi rasmi" inayoonekana hadi leo kwenye vyeti.

Afrika Mashariki iliipokea pia kutoka kwa Wajerumani. Gazeti la Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1899, lilichapwa kwa Fraktur kwa ajili ya walowezi na maofisa. Lakini gazeti la Kiswahili Kiongozi, lililochapwa Tanga katika enzi hiyo hiyo, lilitumia herufi za Kirumi. Wachapaji wa Kijerumani walikuwa na desturi inayoeleza jambo hili: neno la kigeni likiingia ndani ya habari ya Fraktur, lilipangwa kwa herufi za Kirumi. Matokeo yake ni kwamba Kiswahili hakikukuzwa ndani ya herufi ya Kigothi. Fundi wa Malaba anapoandika "Upendo" kwa mtindo huu hana mapokeo ya kuyafuata. Lazima ajaribu, apime na aamue mwenyewe.

Ipo historia chungu ambayo fundi anapaswa kuifahamu. Wanazi waliposhika madaraka mwaka 1933, waliitukuza herufi hii kama ishara ya Ujerumani halisi. Kisha tarehe 3 Januari 1941 waraka uliotiwa sahihi na Martin Bormann uliipiga marufuku kwa madai ya uongo kwamba ilikuwa na asili ya Kiyahudi. Hata baada ya marufuku hiyo, watu wengi wa Ulaya bado huihusisha Fraktur na utawala ule. Mteja anayechapa bidhaa za kuuza kwa watalii au kupeleka Ulaya anastahili kuambiwa hivyo kabla kazi haijaanza.

Njia iliyoifikisha herufi hii kwa vijana wetu ilipitia Marekani. Mwaka 1904 kampuni ya American Type Founders ilitoa Cloister Black, na mwaka 1928 Frederic Goudy akatoa Goudy Text. Magazeti kama The New York Times yaliweka majina yao kwa herufi za Kigothi na hayajaacha. Klabu ya besiboli ya Detroit Tigers inavaa herufi D ya mtindo huo kwenye kofia. Katika mitaa ya Los Angeles, vijana wenye asili ya Meksiko waliichukua kutoka kwenye magazeti na vyeti wakaiandika ukutani kutangaza majina ya mitaa yao, na kutoka huko ikaingia kwenye fulana, chale za mwilini na muziki wa rap. Kofia na fulana hizo zilitufikia kwenye mitumba. Wakati huo huo Old English Text MT ya kampuni ya Monotype ilitufikia pamoja na programu za Microsoft Office. Kijana wa duka la kuchapa aliikuta tayari kwenye kompyuta, na mteja aliyeingia dukani alikuwa ameshaivaa kifuani.

4. Kiswahili na majina yetu ndani ya herufi hii

Hapa ndipo semina inapaswa kukaa kwa muda, kwani vitabu vya usanifu vya Ulaya havikuandikwa kwa ajili ya maneno yetu.

Kiswahili kina miguu mingi mifupi iliyo wima. Chukua neno "mnunuzi" na uliandike kwa Textura: m ina miguu mitatu, n miwili, u miwili, n miwili, u miwili. Hiyo ni miguu 11 mfululizo kabla jicho halijakutana na z. Neno "Muumini" nalo, baada ya M kubwa, lina miguu 11 iliyofuatana mpaka mwisho, bila herufi hata moja inayopanda juu au kushuka chini. Waandishi wa Kilatini walipata taabu hiyo hiyo, na alama ya juu ya i ilianza kuwekwa ili kuitenga i na majirani zake. Kwa hiyo usiiondoe nukta ya i kwa ajili ya urembo. Na ukiombwa kuandika neno lenye m, n, u na i zilizofuatana, mshauri mteja achukue Rotunda, au achague neno lingine.

Herufi kubwa zina mitego yake. Katika Fraktur, A kubwa inafanana na U, na msomaji asiyeizoea ataisoma "Amani" kama "Umani". I na J zina umbo moja, kwa hiyo "Imani" inaweza kusomwa "Jmani". K inakaribia R. Tazama majina tunayoyapenda kwa maduka, vikundi na makanisa: Amani, Imani, Umoja, Upendo, Jitegemee. Karibu yote yanaanzia kwenye herufi hizo za hatari. Old English Text ina nafuu hapo, kwani A yake inatambulika zaidi, ingawa I na J bado hukaribiana.

K ndogo ya Fraktur ni tatizo la kila siku, maana katika Kiswahili k imo katika "ku", "ka", "ki" na "kwa". Umbo lake linakaribia t au f lenye kitanzi. Anayetumia Fraktur kwa Kiswahili atafute toleo lenye k ya kisasa, au aichore upya kwa mkono.

Tuyapime basi majina ya kwetu. "Malaba" inakaa vizuri sana: l na b zinapanda juu, zinavunja usawa wa ua, na a tatu zinatoa mdundo. "Tororo" nayo inasomeka, mradi T kubwa ichorwe wazi. "Busia" haina shida. "Amukura" inahitaji uangalifu, kwa sababu A, mu na k zote zimo. "Osukuru" inategemea kabisa k itakayochaguliwa. "Ang'urai" ina ritifaa, na fonti nyingi za Kigothi huichora nyembamba mno kiasi cha kupotea kati ya miguu minene. Ipanue, uiinue, uiachie nafasi, kwa maana "ng" na "ng'" ni sauti mbili tofauti.

5. Mahali inapofaa

Herufi ya Kigothi inafaa pale ambapo msomaji ana muda, au tayari analijua neno.

Cheti ndicho makazi yake ya asili. Kichwa cha "Cheti cha Kuhitimu" au "Cheti cha Ndoa" hutambuliwa hata na asiyekisoma, na mwenye cheti atakitazama miaka mingi. Weka kichwa peke yake kwa Kigothi. Jina la mhitimu, somo, tarehe na sahihi viwe kwa herufi za Kirumi zilizo wazi.

Jina la biashara linaloegemea sifa linafaa pia: kinyozi, mchora chale, baa, bendi ya muziki, fundi wa viatu vya ngozi. Wateja wa biashara hizo hurudi mara kwa mara, na baada ya muda jina huwa nembo. Herufi moja kubwa, kama ile D ya Detroit, ina nguvu kuliko sentensi nzima. M ya Malaba iliyochorwa vizuri inatosha kubeba fulana ya timu ya mtaa.

Magari yana nafasi yake, lakini kwa kiasi. Kenya ilipotekeleza kanuni za Waziri John Michuki mwezi Februari 2004, matatu zililazimika kuwa na mstari wa manjano na maandishi ya njia inayopitwa, na michoro ikakatazwa. Uganda, teksi ni nyeupe zenye ukanda wa vimraba vya buluu. Pande zote mbili, fundi hupata nafasi kwenye kioo, kwenye bampa na kwenye vipande vya mpira vinavyoning'inia nyuma ya magurudumu ya malori. Neno moja au mawili ya Kigothi hapo humpa dereva fahari. Anayelifuata gari kwenye foleni ya mpakani ana muda wa kutosha kulisoma.

Jiwe la kaburi na jalada la ratiba ya mazishi ni mahali pengine panapoistahili. Familia inayomzika mzee hutaka uzito na utulivu, na herufi hii inavyo vyote viwili.

6. Mahali isipofaa

Isitumike kwa jambo ambalo msomaji akilikosa ataumia au kupotea. Onyo la hatari, mshale wa njia, jina la zahanati, maelekezo ya dawa, bei, nambari ya simu na nambari ya malipo ya simu viandikwe kwa herufi za wazi. Uingereza, Jock Kinneir na Margaret Calvert walipobuni alama mpya za barabara mwishoni mwa miaka ya 1950 na miaka ya 1960, walichora herufi zisizo na pambo lolote ili dereva aliye kwenye mwendo azisome mara moja. Sababu yao ni sababu yetu. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Bango ambalo dereva anahitaji sekunde tatu kulisoma limempitisha mlango wa hoteli kwa zaidi ya mita 40.

Jambo jingine ni la uadilifu. Mji wa mpakani unaishi kwa karatasi: vibali, ankara, hati za forodha, vyeti vya shule vinavyobebwa kwenda kutafuta kazi ng'ambo ya pili. Herufi ya Kigothi huipa karatasi sura ya mamlaka. Fundi anayeombwa kutengeneza "cheti" cha taasisi ambayo mteja hana idhini yake anaombwa kughushi, na uzuri wa herufi haumtoi kwenye kosa. Tukatae kazi hizo wazi wazi. Jina la ufundi wetu ni la thamani kuliko malipo ya kazi moja.

7. Kanuni za kazi kwa fundi

Kwanza, usiandike neno zima kwa herufi kubwa za Kigothi. "MUNGU NI MWEMA" kwa herufi kubwa tupu ni fumbo. "Mungu ni Mwema" ni sala inayosomeka.

Pili, usitawanye herufi. Ua wa Textura ukiachwa wazi unavunjika. Nafasi kati ya herufi ifuate uwazi ulio ndani ya n, na nafasi kati ya maneno iwe finyu kuliko ile uliyozoea.

Tatu, anayechora kwa mkono atumie brashi bapa na asibadilishe mshazari katikati ya neno. Kimo cha herufi ndogo kiwe kama upana wa brashi mara tano. Piga mistari ya penseli ya juu na ya chini kabla ya rangi, kwani kosa dogo la kimo huonekana mara moja kwenye herufi zilizo wima hivi.

Nne, pima umbali. Kanuni ya mafundi wa mabango kwa herufi za kawaida ni kimo cha milimita 25 kwa kila mita tatu za umbali. Kwa Kigothi nashauri kuongeza mara mbili. Bango la kusomwa kutoka mita 20 linahitaji herufi za kawaida za sentimita 17 hivi. Za Kigothi ziwe karibu sentimita 34. Kama ukuta hautoshi, badilisha herufi.

Tano, kwa stika zinazokatwa na mashine, chagua fonti isiyo na mistari myembamba sana. Mistari hiyo hubanduka kwa vumbi, jua na kuoshwa kwa gari. Kwa stensili, herufi hii ni rafiki, kwa sababu imejengwa kwa vipande vilivyovunjika na unaweza kuacha viunganishi bila kuharibu sura yake.

Sita, ipe mwenzi. Jina kwa Kigothi, habari kwa herufi wazi isiyo na vikonyo, yaani vijimstari vya mwisho wa miguu. Rangi iwe moja iliyokolea juu ya mandhari tulivu. Vivuli, mng'aro na rangi tatu juu ya herufi yenye mapambo tayari humaliza hata kile kidogo kilichokuwa kikisomeka.

Saba, tumia fonti yenye leseni halali. Zipo za bure zilizotengenezwa kwa uangalifu, kama UnifrakturMaguntia, ambayo inaruhusiwa kutumika na kurekebishwa. Fundi anayeweza kurekebisha k na A kwa ajili ya Kiswahili anaweza kuwapa mafundi wenzake toleo linalowafaa.

8. Mapendekezo na hitimisho

Napendekeza mambo matatu kwa semina hii. La kwanza, kila karakana itengeneze ubao wa majaribio wenye majina ya kwetu, Malaba, Tororo, Amukura, Osukuru na Ang'urai, kwa aina tatu za Kigothi, ili mteja achague akiwa anaona. La pili, kabla ya kupaka rangi, mchoro uonyeshwe kwa mtu asiyejua neno lililoandikwa, naye aulizwe asome akiwa umbali halisi. Asiposoma, mchoro urudiwe. La tatu, wanafunzi wafundishwe herufi hii kwa kalamu bapa kwanza na kompyuta baadaye, maana mkono ndio unaofundisha kwa nini kila pembe iko pale ilipo.

Herufi za Kigothi zinastahili kubaki katika mji wetu. Zimebeba Biblia, sheria, magazeti na fahari ya vijana kwa zaidi ya miaka 500, na zinaweza kubeba majina yetu pia. Tuzipe jina, tusizipe habari. Nawaomba mafundi wenzangu: mteja akitaka bango zima kwa herufi hizi, msimkatalie wala msimkubalie haraka. Mwandikieni jina lake kwa Kigothi, huduma zake kwa herufi za wazi, kisha mwacheni asimame ng'ambo ya barabara alisome mwenyewe.